Halo na Mombasa: mirathi iliyogeuzwa sadaka

Oktoba 2025 watengenezaji wa Halo walitangaza kwamba gemu ya kwanza kabisa ya mfululizo huo, ile ya 2001, inajengwa upya, imepangiwa kutoka 2026, na kwa mara ya kwanza itachezwa kwenye PlayStation. Kwingine hiyo ni habari ya biashara. Kwetu ni habari ya vibandani. Nenda Likoni, nenda Mbagala, utakuta televisheni mbili tatu ukutani, mashine za PlayStation, na vijana wanaolipia mechi ya mpira. Xbox ni jina wanalolisikia tu. Kwa hiyo hadithi ambayo kwa karibu robo karne imekuwa ya watu wa Xbox na kompyuta inakuja kwa wachezaji wapya, na inakuja na ubishi wake wa zamani: je, binadamu wa Halo ni kizazi cha Watangulizi, wale viumbe wa kale waliojenga pete, au ni watu baki? Nimewasikiliza mashabiki wakivutana, na naona wanagombania mpaka usio na mgogoro. Nani alimzaa nani ni swali dogo. La maana ni kama vitu walivyoviacha Watangulizi vilitufikia kwa njia ya mirathi au kwa njia ya sadaka, na hapo ndipo hadithi ilipoharibika, tena wakati kila mtu akidhani inarekebishwa.

Kwa asiyeijua Halo, habari ni hii. Mwaka 2552 binadamu wanapigana na Covenant, muungano wa viumbe wa sayari mbalimbali wenye dini moja, na mungu wa dini hiyo ni Watangulizi. Watangulizi wenyewe walitoweka takriban miaka 100,000 kabla, baada ya kuwasha pete walizozijenga angani. Pete hizo zinaua kila kiumbe mwenye akili, ili kimelea kiitwacho Flood kikose cha kula. Walichoacha ni mashine, na mashine zile zina tabia moja ya ajabu: zinamtii binadamu. Covenant wanaoziabudu hawawezi kuziwasha bila mkono wa binadamu, adui yao. Roboti anayelinda pete ya kwanza, 343 Guilty Spark, anamwita askari Master Chief kwa jina la Reclaimer, yaani mtu aliyekuja kuchukua kilicho chake.

Mashabiki wa mwanzo hawakuota ndoto. Walisoma kilichoandikwa. Katika gemu ya 2001, Master Chief anapogutuka kwamba pete si silaha ya kuua kimelea bali ya kuua vyakula vyake, Guilty Spark anashangaa: kwa nini usite kufanya jambo ambalo umeshalifanya? Anaongeza kwamba mara ya mwisho askari huyo alimuuliza kama yeye angefanya uamuzi uleule. Mara ya mwisho ni ipi, kama si ile ya miaka 100,000 iliyopita? Halo 3 ilipotoka 2007, roboti yuleyule alimaliza fumbo waziwazi. Alimwambia Master Chief: "Wewe ni mtoto wa walioniunda, mrithi wa yote waliyoyaacha. Wewe ni Mtangulizi." Mwaka huohuo Joseph Staten, mmoja wa waandishi wa gemu hizo, alitoa riwaya inayosimulia chanzo cha vita. Viongozi wa Covenant wana alama wanayoisoma kuwa inaonyesha mahali penye masalia matakatifu, na inapowaka juu ya koloni la binadamu wanajua wamepata hazina. Kisha mashine ya kale inaamka na kuwaambia wameishika alama hiyo kichwa chini miguu juu. Haionyeshi masalia, inaonyesha watu, na watu hao, mashine inasema, ndio walioiunda. Viongozi wanaelewa kwamba dini yao yote ni uongo, wanaificha habari, na wanaamuru binadamu wafutwe. Vita vya kumaliza jamii nzima vinaanza kwa sababu ya herufi iliyosomwa vibaya, na waliobaini kosa wakaona afadhali wamuue mwenye mali kuliko kukiri. Sijui gemu nyingine ya mizinga iliyowahi kunipa wazo zito kama hilo.

Ni kweli ushahidi haukuwa wa upande mmoja. Ndani ya Halo 3 hiyohiyo kuna maandishi yaliyofichwa, barua baina ya kamanda Didact na mkewe Mkutubi, na mle Mkutubi anawazungumzia wakazi wa dunia kama watu wengine wanaopaswa kuokolewa. Wanaodai kwamba waandishi wa kwanza walikuwa na jibu moja safi, kisha studio mpya ikalichafua, wanapunguza utata uliokuwepo tangu awali. Hiyo ndiyo hoja dhaifu ya upande wa wakongwe, na siwezi kuwatetea. Waandishi wenyewe walikuwa wakiyumba.

Kilichofuata kinajulikana. Mfululizo ulikabidhiwa studio nyingine, na kuanzia 2011 mwandishi Greg Bear akatoa riwaya tatu juu ya zama za Watangulizi. Humo binadamu wa kale ni taifa lake, lenye meli za angani na milki yake, lililopigana na Watangulizi na kushindwa. Adhabu ikawa kushushwa: wanyang'anywe elimu na hata maumbile, warudishwe duniani kuishi kama watu wa pangoni. Kisha Mkutubi akawaonea huruma, akawahifadhi wakati pete zinawashwa, akawarudisha. Na Guilty Spark? Riwaya ya pili inafichua kwamba roboti huyo alikuwa binadamu, kijana aitwaye Chakas wa mji wa Marontik hapahapa duniani, ambaye fahamu zake zilihamishiwa kwenye mashine. Ni ufunuo mzuri, wala sibezi. Lakini tazama kazi unayoifanya. Maneno yote aliyoyasema kuhusu mrithi na mtoto wa walioniunda yanageuka kuwa mkanganyo wa akili iliyochakaa kwa upweke wa miaka 100,000. Shahidi ametiwa wazimu ili ushahidi wake usihesabiwe.

Wanaotetea mabadiliko wana hoja yenye nguvu, na naitaja kwa ukamilifu kwa sababu nusu yake naikubali. Wanasema nadharia ya zamani iliwafanya binadamu kuwa vivuli vya watu wengine: kila kilicho kikubwa kiliwahi kufanywa, na sisi ni wajukuu waliosahau. Hadithi mpya inawapa binadamu historia yao, ushujaa wao, hata makosa yao. Wao ndio walioivuruga Flood kabla ya Watangulizi kujua la kufanya. Sawa. Kama mambo yangeishia pale, ningekuwa upande wao na makala hii isingekuwepo.

Hayakuishia pale. Katika Halo 4, ya 2012, Master Chief anakutana na kivuli cha Mkutubi, naye anamweleza kwamba alipowahifadhi binadamu alipanda ndani yao mbegu, ili siku moja zizae jambo alilolikusudia. Anazitaja: maumbile yake, vazi lake la vita, hata Cortana, akili bandia anayetembea naye. Vyote, anasema, ni kilele cha mipango ya maisha elfu. Riwaya zina neno maalumu la amri hizo zilizofichwa ndani ya nasaba zikipita kizazi hadi kizazi. Na zaidi ya hapo wakaongezwa viumbe wa kale zaidi, waliowaumba Watangulizi na binadamu wote wawili. Viumbe wa mbinguni waliotolewa kwa mlango wa mbele wamerudi kwa dirisha, na safari hii wamekuja na daftari la madeni. Mhandisi aliyekesha kuchora lile vazi hakulibuni, alikuwa anatekeleza. Dr. Halsey, mwanamke mkali na mwenye dhambi nyingi aliyemuunda Cortana kutokana na ubongo wake mwenyewe, hakufanya la kwake. Kuna bibi alishampangia.

Hapa ndipo maneno mawili ya Kiswahili yanaponisaidia kuliko uchambuzi wowote niliousikia. Mrithi hana wa kumshukuru kwa kurithi. Ni haki yake, hata kama hati ilipotea na shamba likaota msitu. Anaweza kumlaumu marehemu, kulipa madeni yake, hata kuuza. Anayepewa sadaka yuko chini ya mkono wa mtoaji, na daima anaweza kusikia masimango. Nadharia ya zamani, pamoja na udhaifu wake wote, ilikuwa ya mirathi: neno la Guilty Spark lilikuwa mrithi, na lilikuja na deni la kweli, kwa kuwa waliowasha pete na kuua viumbe wa galaksi nzima ni wazee wetu, na sasa kitufe kiko mkononi mwetu tena. Ndiyo maana swali lake, kwa nini usite kufanya ulichokwisha kufanya, linauma. Hadithi mpya ni ya sadaka. Dhambi ya pete ni ya watu wengine, na akili yetu nayo ni ya watu wengine. Tumeondolewa lawama na sifa kwa kalamu moja.

Ningeyaacha haya yawe magomvi ya wapenda gemu kama hadithi isingekuwa imewekwa kwetu. Halo 2 ya 2004 inaingia New Mombasa, jiji lenye lifti ndefu ya kwenda angani. Halo 3 inahamia Voi, na chini ya ardhi ya Voi kumefukiwa mlango wa Watangulizi mkubwa kuliko mji wenyewe. Halo 3: ODST ya 2009 inazunguka usiku kucha ndani ya New Mombasa iliyovamiwa. Niliicheza nyumbani kwa rafiki, na ramani iliponipeleka Kizingo, kisha Tayari Plaza, kisha kituo cha Kikowani, niliweka chini kidhibiti nikacheka. Mtu wa Mombasa akisikia Kikowani anafikiria makaburi. Waliotengeneza walikuwa na ramani yetu mezani, bila shaka, na walimpa mtaalamu anayesimamia akili bandia ya jiji jina la Dr. Endesha, jina ambalo hakuna Mswahili angempa mtoto, ila kwa kazi yake linamfaa kuliko la baba yangu. Wala kuweka anga Mombasa si kichekesho. Lifti ya namna ile inafaa iwe karibu na ikweta, na pwani yetu iko huko. Kutoka jukwaa la baharini la Malindi Waitaliano walishiriki kurusha setilaiti, na tarehe 12 Desemba 1970 ikaruka pale setilaiti ya Marekani ya kupima mionzi ya eksirei, ikapewa jina Uhuru kwa kuwa ilikuwa siku ya Uhuru wa Kenya.

Basi fikiria Voi. Mji wa udongo mwekundu, ambako ndovu wa Tsavo wanajimwagia vumbi mpaka nao wanakuwa wekundu, mashamba ya mkonge pembeni, malori ya Nairobi yakisimama watu wanywe chai. Kwa nadharia ya zamani, Mtaita anayelima juu ya mlango ule analima juu ya kaburi la wazee wake bila kujua. Kwa hadithi mpya analima juu ya mtambo wa mgeni aliyependezwa naye. Nani hapa Pwani hajawahi kuambiwa hadithi ya pili?

Tumeisoma shuleni. Misikiti ya matumbawe ya Kilwa, nyumba za Gedi zenye visima na vyoo, vyote kwa muda mrefu vilielezwa kama kazi ya wageni waliokuja na majahazi, wenyeji wakiwa watazamaji. Hali ilikuwa hiyohiyo kusini, ambako Zimbabwe Kuu iligawiwa kwa Wafoinike na Malkia wa Sheba mpaka wanaakiolojia, Randall-MacIver mwaka 1905 na Caton-Thompson mwaka 1929, walipochimba na kusema ni kazi ya Waafrika, na bado wako waliokataa kuwasikia. Lakini kwa Pwani ukweli una kona. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa 2023, akiwemo mwanaakiolojia wa Kenya Chapurukha Kusimba, ulipima mabaki ya watu 80 waliozikwa Kenya na Tanzania kati ya takriban 1250 na 1800. Uliwakuta wengi wao wamechanganyika: upande wa mama karibu wote Afrika, upande wa baba wengi Asia, hasa Uajemi, na mchanganyiko ulianza karibu mwaka 1000. Wazee waliosimulia habari za Shirazi hawakuwa waongo. Ila huko Shanga, kwenye visiwa vya Lamu, wachimbaji walikuta misikiti midogo ya miti na udongo ya karne ya 8, ikijengwa upya juu ya pale pale, kizazi baada ya kizazi, mpaka ikawa ya jiwe. Mji ulikuwepo, ukakua, ukaoa wageni. Lugha iliyobaki ni ya Kibantu.

Nimekaa kwenye mfano huu kwa sababu unavunja ubishi wa mashabiki katikati. Mtu wa Pwani anaweza kuwa na babu wa Shiraz na bado msikiti wa Kilwa ukawa kazi yake. Damu ya mgeni haikumnyang'anya kitu. Kilichomnyang'anya ni ile simulizi nyingine, kwamba hata alipochonga jiwe mkono uliomwongoza haukuwa wake. Ndiyo maana nadharia ya "sisi ni Watangulizi" hainitishi hata kidogo, wakati mbegu za Mkutubi zinanikera.

Wako watakaosema ni gemu tu. Siwajibu sana; watu hawabishani miaka 15 juu ya kitu ambacho ni gemu tu. Hoja dhaifu kuliko zote ni ya wale wanaovuka kutoka gemu hadi dunia halisi na kusema lisemwalo lipo: haiwezekani hadithi nyingi hivi, Halo, Assassin's Creed na watengenezaji wake wa kale waliotuumba, zisimulie jambo moja bila kuwa na chembe ya kweli. Zinasimulia jambo moja kwa sababu zimechota kisima kimoja. Tangu Erich von Däniken wa Uswisi aipe umaarufu mwaka 1968 dhana kwamba wageni wa angani walifika duniani zamani za kale, wabunifu wote wameikuta mezani. Na ni vizuri kujua mle kisimani mna nini. Zecharia Sitchin, ambaye vitabu vyake tangu 1976 ndivyo chimbuko la video nyingi za Anunnaki zinazozunguka kwenye simu zetu, alidai viumbe hao wa sayari nyingine walikuja kuchimba dhahabu Afrika, wakachoka, wakamuumba binadamu awe mtumwa wa mgodini. Wataalamu wa maandishi ya Sumeri walishaonyesha kwamba tafsiri zake hazisimami. Kinachonishangaza ni kijana wa Kiafrika kuisambaza akidhani inamtukuza, wakati nafasi aliyopewa humo ni ya sururu.

Na kwa anayetaka kweli kujua nani alikuwepo hapa katika zile zama ambazo Halo inasema tulikuwa tunarudishwa duniani, jibu liko Kilifi, katika pango la Panga ya Saidi. Mwaka 2021 wanasayansi wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya na wenzao wa nje walitangaza kaburi la mtoto wa umri wa miaka miwili na nusu hadi mitatu, la miaka 78,000, la zamani kuliko makaburi yote yanayojulikana Afrika. Mifupa ilikuwa laini kama unga, ikabidi bonge zima la udongo lifungwe plasta na kubebwa hadi maabara. Mtoto alilazwa kwa ubavu wa kulia, magoti yamekunjwa kifuani, mwili wa juu umeviringishwa kwa kitu, na jinsi kichwa kilivyoinama kunaonyesha kilikuwa kimewekewa mto, pengine wa majani, uliooza baadaye. Watafiti walimwita Mtoto, kwa Kiswahili. Yule aliyetafuta majani akayakunja chini ya kichwa kile hakuwa anatekeleza mbegu ya mtu.

Tuirudie gemu inayokuja, kwa sababu hapo ndipo kuna la kufanya. Kila anayejenga upya kazi ya zamani anapata nafasi ya kusahihisha, na kishawishi hapa ni kikubwa. Sentensi za Guilty Spark za 2001 hazipatani na historia iliyoandikwa baadaye, na ni rahisi kuzilainisha kidogo, neno hapa, neno pale, zilingane na riwaya. Mashabiki wa historia mpya wangefurahi, maana mgongano ungeisha. Mimi nadhani ingekuwa hasara, hata kwao. Utata wa 2001 ndio uliowafanya watu wabishane. Ukifutwa, mchezaji mpya wa kibandani atapokea jibu kabla hajauliza swali. Mwacheni mlinzi wa pete aseme alichokisema, na kama studio inaamini ni mkanganyo, mchezaji aufikie mwenyewe. Zaidi ya hapo, kama watathubutu katika sura zijazo, wamrudishie Dr. Halsey kazi yake. Hakuna haja ya kubadilisha nasaba ya mtu yeyote. Inatosha mhusika mmoja amwambie Mkutubi kwamba asante kwa kutuhifadhi, ila vazi lile tulilishona wenyewe.

Gemu ikitoka, nitapitia ufukweni haraka, nitaruka magari yote, niende moja kwa moja hadi chumba cha udhibiti, mahali Cortana anapofoka na roboti anabaki ameduwaa hewani. Nitaongeza sauti. Nataka kusikia kama bado anamuuliza kwa nini anasita.